Mama kwenye Mizani ya Wawi

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na sisi tuna maradhi yetu: ukishatupa nambari, hatukusikii tena. Nalisema hili mwanzo kabisa ili mtu asije akanionea huruma mapema.

Mama alipoambiwa ana saratani ya kizazi, tukaandikiwa barua ya kwenda kutibiwa Dar es Salaam, nilifanya ninachofanya siku zote nikiingiwa na hofu. Nilichukua simu nikatafuta nambari. Nikakuta ukurasa unaokupa masafa baina ya viwanja viwili vya ndege. Unaandika uwanja wa huku, unaandika wa kule, unabonyeza. Kutoka kisiwani kwetu, uwanja wa Wawi, hadi Dar, kwa ndege, kilomita mia mbili hazitimii. Saa moja kasoro. Chini yake kulikuwa na mstari wa pili, masafa kwa barabara, na hapo nilicheka peke yangu jikoni. Ramani ilichora njia ya buluu kutoka Wawi, ikaishusha Mkoani, ikaitumbukiza baharini kwa nukta nukta, ikaiibua Unguja, ikaitumbukiza tena, na mwisho ikajumlisha maji na lami ikaviita barabara bila haya.

"Saa moja kasoro, mama," nikamwambia. "Ukikaa kitako ukamenya mihogo ya mchana, hujamaliza, watu wa ndege washafika."

Mama alikuwa mkekani anakunja kanga zake. Alinitazama. "Na kurejea?"

"Kurejea ni hivyo hivyo. Masafa hayabadiliki kwa kugeuza uso."

"Haya," akasema.

Mama alikuwa mtu wa haya. Neno hilo kwake lilikuwa na maana zote, na mimi siku zote nilichagua ile iliyonifaa.

Alikuwa akikaa Micheweni, kwenye nyumba yake mwenyewe, pamoja na kaka yangu na mkewe. Zaidi ya miaka ishirini alilima mwani pwani ya kule, na mgongo wake ulikuwa umeshika umbo la kazi hiyo. Mimi nakaa Wawi, karibu na uwanja kiasi kwamba ndege ikiruka nasimamisha somo mpaka ipite. Mdogo wangu wa kike ameolewa Dar. Mipango ya nyumba yetu naipanga mimi, na wenzangu wanasema nimekaza shingo kama punda wa mawe. Sibishi. Nilipanga hivi: kila wiki tatu kaka amlete mama kwa gari ya jirani kutoka Micheweni, alale kwangu, asubuhi nimpeleke uwanjani, mdogo wangu ampokee kule, atiwe dripu ya dawa hospitalini, akae siku nne tano, arudi. Mara sita kwa jumla. Boti daktari aliikataa kwa sababu ya damu iliyokuwa ikimtoka, alisema mawimbi yatamtikisa. Nikasema ni sawa, ndege ndiyo fupi.

Jambo moja tu mama alilitaka, na alilisema mbele yetu sote siku ya mwanzo kabla hajatia mguu garini. "Kutibiwa ntatibiwa, nshakubali. Lakini nsife huko. Nnataka kufa kwangu, mlango uko wazi, nawasikia watu wangu."

Nilimjibu kuwa hakuna aliyetaja kufa. Nilimjibu kwa sauti ya darasani, ile inayofunga mazungumzo.

Kwa asiyezipanda ndege hizi ndogo, ajue kwamba kabla hujapanda unapimwa. Kwanza mkoba, kisha wewe mwenyewe. Ndege ya watu kumi na wawili haina mchezo, rubani lazima ajue amebeba nini. Mizani ipo pale mbele ya kaunta, bapa la chuma sakafuni, na nambari inasomwa kwa sauti ili mwenzake wa nyuma aandike. Mabibi wanene wa Chake wanaichukia mizani ile kuliko sindano. Aliyekuwa akisoma alikuwa dada mmoja wa bara, Mkristo, mke wa mwalimu mwenzangu, tumepakana nyua hapo Wawi. Alikuwa na adabu. Alimwamkia mama shikamoo, akamshika kiwiko, akampandisha.

"Arubaini na saba," akasoma.

Nikaandika arubaini na saba nyuma ya daftari langu la masomo.

Safari ya pili nilikuwa nimesimama pale na kalamu tayari. Mama alipanda, akatulia, mikono chini ya buibui.

"Arubaini na nane."

Nilimwomba yule dada asome tena. Akasoma tena, arubaini na nane. Sijui nieleze vipi furaha ile. Wiki tatu nzima nilikuwa silali, na sasa kilo moja, kilo kamili, imerudi kwenye mwili wa mama yangu. Nilitaka kumkumbatia dada wa watu.

Mama alishuka kwenye mizani pole pole, akanishika mkono. "Si umesikia? Nshanenepa. Basi imetosha, mwanangu."

"Imetosha vipi, mama, na dawa ndiyo kwanza inashika?"

"Nnahisi imetosha."

"Kuhisi ni jambo jengine. Umesikia kilo."

"Haya," akasema, akaenda kwenye kiti cha kungojea, na sikumtazama alivyokaa, maana nilikuwa naandika.

Safari ya tatu ilikuwa arubaini na tisa. Hapo sikukamatika. Nilitangaza skuli, nilitangaza kwenye kundi letu la familia la simu, niliweka na picha ya mama amesimama kwenye mizani. Watu wakajibu alhamdulillah, wakaweka mikono ya dua. Mama aliniambia tena, safari hii kwa maneno marefu zaidi. Alisema, "Miye nshakuwa mzima sasa. Wewe mwenyewe umeona kwa macho yako. Mtu akishapona humwachi akakaa kwake?"

"Tukiacha katikati itarudi kwa nguvu. Daktari gani anaacha dawa inapofanya kazi?"

Alitazama ndege iliyokuwa nje ikitiwa mafuta. "Haya."

Sasa niseme kweli. Niliona. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, mikono ilikuwa mifupa na mishipa, na sauti ilikuwa inatoka vipande vipande. Buibui lilikuwa limemzidi. Uso wa mama yangu ulikuwa unakwisha mbele ya macho yangu, na mimi nasoma mizani. Nilijiambia kuwa uso ni dawa, dawa zina ukali wake, watu wote wanaopewa dripu ile hukauka uso. Mtu akitaka kutoona hakosi hoja.

Wiki ile ile mdogo wangu alinipigia simu kutoka Dar.

"Dada, leo hospitali wamempima mama. Arubaini na nne."

"Mizani yao mbovu."

"Si mbovu. Nimepanda mimi mwenyewe nikaona kilo zangu."

"Sikiliza. Hiyo ya hospitali wanapimia karatasi ya kuandika. Hii ya uwanjani wanapimia roho za watu. Ikidanganya, ndege inaanguka. Sasa nani anajua zaidi?"

Nasikia watoto wake wanagombana nyuma. "Dada, mama hali. Anatapika mpaka maji. Usiku ananiuliza lini anarudi kwao. Daktari mwenyewe ameniita pembeni, ameniambia kwa upole kwamba..."

"Umechoka kumuuguza, sema. Usijifiche nyuma ya daktari."

Simu ikakatika, au aliikata. Sikumrudia. Nilikuwa na daftari langu, na ndani yake mna arubaini na saba, arubaini na nane, arubaini na tisa, zimepangana vizuri kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Neno lile nililomwambia mdogo wangu ndilo lililotumaliza, lakini wakati ule nililiona dogo.

Safari ya nne kaka alimleta mama jioni, na mama hakuweza kutoka garini mwenyewe. Kaka alimshika huku, mimi huku. Barabara ile kutoka Micheweni ilikuwa imemkalisha zaidi ya saa moja ameinama, mkono kwenye kiti cha mbele. Kaka alinivuta jikoni akasema, "Dada, safari hii tumwache." Nikamuuliza yeye amesomea nini. Kaka anauza pweza. Alitazama chini akaenda zake kuwanywesha maji mbuzi wa watu aliokuwa amewabeba nyuma ya gari.

Kwa chakula mama alichukua vijiko viwili vya uji wa mchele. Asubuhi alikaa chooni muda mrefu, amejifungia. Niligonga, nikamwambia nimsaidie kuvaa. Akasema ataweza. Alitoka amekwisha vaa kila kitu, buibui mpaka chini, na jasho kwenye paji la uso ingawa kulikuwa na baridi ya alfajiri. Kutoka gari hadi kaunta ni hatua chache, yeye alisimama mara tatu.

"Arubaini na tisa," akasoma dada wa kaunta, na safari hii alisoma kwa sauti ya chini, akanitazama mimi, si mwenzake.

"Haijashuka," nikasema. "Umesikia, mama? Zimebaki mara mbili tu."

Mama alinitazama muda. Hakusema imetosha. Hakusema hata haya. Dada wa kaunta alimshika mkono akamtoa hadi kwenye ndege mwenyewe, kazi ambayo si yake.

Siku ya nne mdogo wangu alipiga simu. "Njoo," akasema. "Usiniulize kilo. Njoo tu."

Hapa pana jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. Nilikuwa sijapanda ndege maishani mwangu. Kila nilipokwenda Dar nilikwenda kwa boti, nikisema napenda upepo. Kwa kweli nilikuwa naogopa. Safari nne nimemsukuma mama yangu ndani ya kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakitazama kwa mbali kupitia dirisha la darasa, nikimhesabia dakika.

Nilikalishwa nyuma ya rubani. Ndege ilingojea juani mpaka shingo ikanilowa. Ilipopanda, masikio yaliziba, na kwenye mkondo ilianguka mara mbili kama mtu anayekosa ngazi kwenye giza. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Tukatua Unguja kwanza. Mlango ukafunguliwa, watu wakatoka, wengine wakaingia, joto likaingia nao, mlango ukafungwa, tukaanza upya yale yale. Nilitapika kwenye mfuko wa karatasi mbele za watu nisiowajua, mimi mwalimu mzima. Tulipofika Dar nilidhani nimefika. Kutoka uwanjani hadi nyumbani kwa mdogo wangu tulikaa ndani ya teksi saa mbili kwenye foleni, vioo wazi, moshi wa malori usoni.

Katika foleni ile nilipiga hesabu yangu upya. Ukurasa ule wa simu ulipima kutoka lami hadi lami. Mama hakuwa akikaa kwenye lami ya uwanja. Alikuwa na mlango wake Micheweni, na kutoka mlango ule hadi kitanda cha hospitali palikuwa na gari ya jirani na mashimo yake, na kulala kwangu, na kungojea, na kupanda, na kutua Unguja, na kupanda tena, na foleni hii, na benchi la hospitali. Siku moja na nusu. Kisha dripu. Kisha yote hayo kinyumenyume, mwilini mna sumu. Nilikuwa nimempa mama nambari ya rubani.

Alikuwa amekwisha toka hospitali. Hawakumtia dawa safari ile, walisema mwili hauwezi. Mdogo wangu alikuwa amemlaza chumba cha watoto. Nilipoingia mama aliniona.

"Umekuja na ndege?"

"Ndiyo, mama."

"Inatikisa, ee?"

"Inatikisa."

Akatabasamu upande mmoja. Nadhani katika maradhi yake yote hilo ndilo lililomfurahisha zaidi.

Jioni tukamwogesha, mimi na mdogo wangu, juu ya mpira wa plastiki kitandani. Tulipomfungua kanga niliona kiuno chake. Kulikuwa na mkanda wa vidonda umezunguka mwili mzima, ngozi imechunika, mbele kwenye mifupa ya nyonga imechunika mpaka nyekundu.

"Hiki nini?"

"Kibwebwe," mdogo wangu akasema. "Ananambia kimemkaza. Tangu safari ya pili anakuja amekifunga. Anakwenda kukivua chooni peke yake, anakitia mkobani, ananikataza nisikiguse. Safari hii hakuwa na nguvu, nikamvua mimi. Nilidhani amefungia vitu vyake vya thamani."

Wanawake wetu wa mwani hufunga kibwebwe wakiingia majini, kanga iliyosokotwa kiunoni kushika mgongo. Mama nilimjua na kibwebwe tangu niko skuli. Nikauvuta mkoba chini ya kitanda. Kile hakikuwa kanga iliyosokotwa. Zilikuwa kanga mbili kuukuu zimeshonwa pamoja kwa mkono, vijumba vijumba, kila kijumba kimejazwa na kufungwa kwa uzi wa nyavu. Nilikinyanyua nikahitaji mikono miwili. Nikakata uzi mmoja kwa meno.

Mchanga ulimwagika mapajani mwangu. Mchanga mweupe wa pwani ya kwetu, mkavu, umechekechwa.

Mtu asiyetoka Micheweni atashangaa, mimi sikushangaa hata dakika moja. Niliuelewa pale pale. Watu wa mwani na mizani wanajuana. Mnunuzi anakuja na mizani yake ya kuning'iniza, na kila mtu anajua mizani ile imefundishwa kusema kidogo. Basi na wao hawakung'uti mwani vizuri. Wanaacha mchanga kidogo, wanaacha unyevu kidogo, gunia linajibu. Mama alifanya hivyo miaka ishirini, na mimi nikiwa skuli nilimwona mshamba kwa hilo. Mkono wake ulikuwa umejifunza mchanga kiasi gani unafaa, usizidi ukamshtua mnunuzi, usipungue ukakosa kazi. Alijaza zile zilizopungua mwilini, akaongeza kilo moja safari ya pili, na moja ya tatu. Alinijua mwanawe ni mnunuzi wa namna gani.

"Mama," nikasema. Mdogo wangu alikuwa ameshika kitambaa hewani, maji yanadondoka. "Mama, kwa nini?"

Alikuwa amefumba macho. "Weye ulikuwa huniangalii miye. Ulikuwa waangalia mizani. Nkaona basi, nseme na mizani."

"Useme nini?"

"Kwamba nshanenepa. Nlijua ukiona nimenenepa utasema nimepona, utaniacha nkae kwangu."

"Mimi nilipoona umeongezeka nilisema dawa inafanya kazi. Ndiyo maana nikawa nakurudisha."

Akafumbua macho. Tulitazamana. Alikuwa mama yangu kamili wakati ule, na akili yake yote, na macho yake yale ya kutania.

"Basi tumezidiana ujinga," akasema.

Mdogo wangu akatoka chumbani. Nilimsikia analia ukumbini, kisha nikamsikia anafungua kabati. Alirudi na bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya daktari, imeandikwa tangu safari ya tatu, inasema dawa isimamishwe, mgonjwa apelekwe nyumbani apumzishwe karibu na jamaa zake, na kwamba bado ana nguvu ya kusafiri. Alikuwa ameiweka kwa karibu mwezi mzima.

"Nilitaka kukusomea siku ile kwenye simu," akasema. "Ukaniambia nimechoka kumuuguza. Nikasema basi, asije akasema nimemtoa mama kwenye dawa."

Nilimwomba radhi, akaitikia kwa kichwa, lakini radhi ya aina ile ni ya mdomo, inakwenda wapi. Tukamaliza kumwogesha mama. Nikampaka mafuta ya nazi kiunoni kwa ncha ya kidole.

"Kesho tunarudi kwako," nikamwambia.

"Kwangu Micheweni?"

"Kwako Micheweni. Na hurudi tena huku."

Alilala. Ningelitaka kusema kuwa alifurahi, lakini alilala tu.

Usiku ule homa ikampanda. Asubuhi alikuwa anazungumza na watu ambao sisi hatuwaoni, akiwauliza kama maji yamekupwa. Uwanjani, kijana wa kaunta alitaka apimwe. Nilimbeba nikapanda naye kwenye mizani, kisha nikampa mdogo wangu nikapanda peke yangu, kijana akatoa. Thelathini na tisa. Alimtazama mama akasita, akaomba barua ya daktari, tukampa ile ile ya zamani, akaenda kuzungumza na rubani, akarudi akasema haya, pandeni.

Angani nilimpakata. Sikuiona ndege ikianguka wala kupanda, sikuwa na nafasi ya hofu. Tulipotua Unguja mlango ukafunguliwa, aliuliza kama tumefika. Nikamwambia bado kidogo. Tulipotua Wawi hakuuliza. Dada wa kaunta alikuja na kiti cha magurudumu mwenyewe mpaka chini ya ngazi. Alipomwona mama aliuma mdomo. Aliniambia, "Mwalimu, safari ya mwisho nilihisi kitu, nilipomshika kiuno kumpandisha. Nikaona aibu kukuambia." Nikamwambia asijali. Nilikuwa nawaambia watu wote wasijali siku ile.

Kaka aliendesha gari kama amebeba mayai, na hata hivyo mama aliguna kwa kila shimo, Chake, Wete tukaiacha upande, Konde, mpaka mawe ya kwetu yakaanza kuonekana yametokeza kwenye mashamba. Kitanda chake kilikuwa kimetengenezwa, kimesogezwa mlangoni alivyotaka. Mke wa kaka alikuwa amefukiza udi. Majirani walikuwa wamejaa uani, wanawake aliolima nao, wakamwita mmoja mmoja, "Bi mkubwa, umefika kwako, karibu kwako."

Mama aliwatazama kama mtu anavyowatazama watu wa kwenye benchi la hospitali. Kwa adabu, bila kuwajua.

Siku nane aliishi pale. Mlango ulikuwa wazi, na watu wake walikuwa wanazungumza nje kutwa, kama alivyotaka. Yeye hakuwa pale. Alidhani yuko Dar. Akimwona kaka yangu, alimwamkia kama daktari. Mlio wa mbuzi aliusikia akasema magari ya huku hayalali. Tulimletea maji ya mtungi wake kwenye kata yake, akanywa, akasema maji ya huku si mabaya, lakini si ya kwetu. Na kila siku, asubuhi na jioni, aliuliza lini anarudi nyumbani.

Siku za mwanzo nilimsomesha. Siwezi kuacha. Nilimwambia, mama uko kwako, tazama, huu mlango wako, hili sanduku lako, huu ukuta uliupaka chokaa mwenyewe. Nilimthibitishia hatua kwa hatua. Aliogopa. Alidhani namfanyia hila ili abaki hospitali, akalia, machozi bila sauti, mpaka mke wa kaka akanitoa nje kwa mkono akaniambia, "Wifi, mwache." Nilikaa ukutani uani nikalia mpaka pua ikaziba. Tulikuwa tumemfikisha. Tulimkosa kwa wiki tatu tu, na wiki tatu zile nilizitumia kuandika arubaini na tisa.

Siku ya saba, baada ya alasiri, nilikuwa namfuta kiuno kwa maji ya uvuguvugu. Vidonda vilikuwa vimeanza kukauka, ngozi yake ilikuwa bado inajitahidi. Alifungua macho akanishika kifundo cha mkono, kwa heshima, kama unavyomshika mtu usiyemjua unayetaka kumwomba jambo.

"Mwanangu nesi."

"Labeka."

"Nna binti yangu huko kwetu, mwalimu. Mkali kidogo, lakini si mbaya." Alipumzika akavuta pumzi. "Akija, mwambie miye nshanenepa. Mwambie aje anrejeshe."

Nilimwambia nitamwambia leo leo. Akanishukuru.